Nafasi Hazikuwa Zimejaa

Sarang'ombe, Kibera
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako kaka Wandera, kupitia macho ya Mama Nabwire,

Shemeji, nakusalimu wewe kwanza kwa sababu barua iko mikononi mwako, na ukikasirika mapema unaweza kuifungia njugu. Hamjambo hapo nyumbani? Goti la Mama linaendeleaje, bado linamwambia mvua itanyesha lini? Mihogo ya kule chini imeshika? Nabwire ameshafungua shule au bado mnamtafutia viatu? Sisi huku tuko wazima. Mke wangu Auma ni mzima, anaimba kwaya na kunikasirikia, yote mawili kwa nguvu sawa. Mimi mwili ni mzima, lakini raha sina, na ukiendelea kusoma utaona sababu.

Naandika Kiswahili kwa ajili yako. Umeolewa kwetu miaka mingi na Kisamia chako bado ni cha kununulia samaki tu. Usinune. Kiteso changu mimi ni maneno mawili, na moja ni tusi.

Nimempigia kaka simu hadi nimechoka. Kila mara unapokea wewe, nasikia ukisema, "Ni Egesa," kisha nasikia mlango. Unaniambia ametoka kuangalia ng'ombe. Ng'ombe huyo ameangaliwa sana mwaka huu. Ningeweza kuandika ujumbe wa simu, lakini ujumbe wa simu mtu anausikiliza huku akitafuta kofia yake. Barua ni kitu kingine kwetu. Baba alipokuwa mpishi huku Nairobi, barua yake ikifika Mama aliweka jembe chini, sote tulikaa, na hakuna aliyeruhusiwa kuinuka kabla ya jina la mwisho la salamu kusomwa. Kaka anaikumbuka sheria hiyo kuliko mimi. Kwa hivyo tafadhali mkalishe. Soma polepole, na usiruke mahali, hata pale utakapoona aibu kwa niaba yangu. Barua anakuletea dada wa kwaya yetu anayekuja huko kwa mazishi ya shangazi yake. Mpe chai.

Nianze na habari nyepesi. Mvua ya huku imenyesha vizuri, maana yake ni kwamba njia ya kwenda msalani ni matope na jirani yetu amepoteza kiatu kimoja humo. Darasa letu la watu wazima bado liko, pale ukumbi wa mabati wa kanisa. Watu bado wanaliita ngumbaru na wenye darasa wenyewe wamezoea. Yule soja anayelinda nyumba upande wa Ngong Road, ambaye nilikuwa nikikusimulia kwamba anafanyia hesabu za aljebra kwenye kibanda cha geti, amepata cheti chake cha kidato cha nne. Alipata D ya kujumlisha. Alichinja kuku, akatuita wote, akalia. Mama mmoja anayeuza omena hapo Soweto East naye ameandikisha masomo manne ya mwaka huu. Na wale wa ufundi, waliofanya mtihani wa gredi ya tatu wa kujenga, karibu wote wamepita na wanafanya kazi. Kila mtu ananishika mkono mimi mwalimu wao, odijo kwa lugha ya mtaa. "Asante, odijo. Mungu akubariki, odijo." Nazipokea shukrani hizo huku nikitazama viatu vyangu.

Sijui kaka alikuambia nini aliporudi huko kutoka Nairobi. Nadhani alisema kazi imeisha, maana ndivyo alivyomwambia Auma akifunga mzigo. Kazi haikuisha, shemeji. Ghorofa ile ya Kawangware tuliyokuwa tukijenga wakati ule ilikuwa imefika sakafu ya pili tu.

Kaka, uko hapo? Kuanzia hapa naongea na wewe.

Unakumbuka kibanda cha chai pale tunapoacha barabara kubwa kuingia Kawangware, cha yule mama wa mandazi magumu. Kila asubuhi ya kazi mpya tulikaa benchi la nyuma. Nilifungua ramani gotini, nikakusomea kwa sauti ya chini, na wewe ukapuliza chai kana kwamba hunisikii. "Rudia ya choo," ulisema. Narudia. "Dirisha la jikoni linaangalia wapi?" Nakuonyesha kwa kidole. Namba ulizijua kuliko mimi, ni maneno tu ndiyo hukuyajua. Chai ikiisha, nyumba nzima ilikuwa imeingia kichwani mwako. Tukifika saiti ulisimama mbele ya foromani, ramani mkononi, ukataja chumba kimoja kimoja bila kuitazama, naye akadhani umeikariri usiku kucha. Hakuna aliyejua, isipokuwa nusura ajue siku ile ulipoishika juu chini nami nikakohoa hadi watu wakaniletea maji. Ilikuwa siri yetu wawili. Miaka yote hiyo hatukukosea hata chumba kimoja.

Nilipoanza kufundisha watu wa mjengo ili wapate vyeti, sikukuomba uwe mwanafunzi. Nilikuomba uwe mwalimu wa vitendo. Kila Jumamosi uliwapeleka nyuma ya kanisa, wakajenga ukuta, ukaubomoa, wakajenga tena, hadi pasta akaniuliza kama ukuta ule una mapepo. Ulimfundisha Achieng kushika mwiko. Achieng yule ambaye kwa miaka alikuwa akibeba mchanga kwa ndoo, na wanaume wakimwambia kazi ya mawe si ya akina mama. Ulimwambia, "Kona ni jicho, si misuli," na kufikia mwezi wa tatu kona zake zilikuwa zimenyooka kuliko zangu. Mimi niliwasomea notisi saa nzima na walinivumilia kwa sababu walijua baada yangu unakuja wewe.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwanzoni nilitaka kumwomba shemeji amtume Nabwire dukani kabla ya kusoma hapa, asisikie mambo ya baba yake. Kisha nikaona kwamba huko ni kufanya tena kosa lile lile ninalotaka kuliungama. Kaka, wewe ndiye baba yake. Ukitaka akae, akae.

Wakati wa kuandikisha mtihani wa gredi ulipofika, nilienda ofisi ya mitihani kuchukua fomu. Mama wa dirishani alinipa fomu, akanieleza bila mimi kumuuliza. Alisema kama kuna mtu wako hasomi, weka alama sehemu ya tatu, atasomewa maswali na msimamizi kwa Kiswahili, ajibu kwa mdomo. Cheti ni kile kile, hakiandikwi chochote cha kumtofautisha. Alinieleza kana kwamba ananionyesha choo kiko upande gani. Nikasema asante. Nilipofika nje ya lile jengo nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba hakuna mtu atakayejua habari ya sehemu ya tatu.

Jioni ile ulikuwa mlangoni unaosha mwiko. Uliona fomu mkononi mwangu. Ukauliza, "Na mimi je?" Hujawahi kuniomba kitu kwa sauti ile, kaka. Wewe ni mtu wa kuamuru. Nami nikakujibu, "Nafasi zimejaa. Ngoja awamu ijayo." Ukasema sawa, ukaendelea kuosha mwiko ambao ulikuwa umeshatakata.

Kaka, nafasi hazikuwa zimejaa. Fomu nne zilibaki kwenye mkoba wangu. Nilikudanganya nikiwa nimezishika.

Shemeji, usimtazame. Endelea kusoma.

Watu walifanya mtihani, matokeo yakatoka, tukafanya sherehe ya soda na keki. Wewe ulipiga makofi kuliko wote. Kisha mwenye ploti ya Kawangware akabadilisha mambo. Mzee yule unamjua, amezaliwa hapo wakati pote ni mashamba ya mahindi, na hana ubaya na mtu. Lakini wakaguzi walikuwa wamepita wakamtisha kuhusu ghorofa, akaamua kwamba fundi asiye na cheti hatagusa jiwe kuanzia sakafu ya tatu. Akaniita. "Mwalimu," akasema, "mimi siwezi kujua karatasi ya ukweli na ya kupikwa. Wewe ndio uliwafunza. Simama hapa kwa geti uniambie nani ako na cheti na nani hana."

Ningeweza kukataa. Sikukataa, tena nilivaa shati jeupe. Auma aliniuliza asubuhi ile kama naenda harusini.

Ulitoka nyumbani kabla yangu kwa sababu ulitaka kupitia kwa rafiki yako anoe patasi, kwa hivyo hukujua nitakuwa getini. Nilikuona kwa mbali na gunia lako begani. Nilikuwa na nafasi ya kukuvuta kando nikakuambia. Niliiona nafasi hiyo na nikaiacha ipite. Watu walikuwa kama ishirini hapo, Achieng mbele. Mzee akakuelekezea kidole. "Huyu si ndio aliniwekea msingi? Ako na karatasi?"

Niliinamia orodha kana kwamba ina kurasa kumi. Ilikuwa karatasi moja. "Hayuko kwa list," nikasema. Niliiambia karatasi, sikukuambia wewe.

Ukanitazama kidogo tu. Ukasema, "Sawa, mwalimu."

Umeniita Egesa maisha yangu yote. Umeniita we mtoto, umeniita majina ambayo shemeji hawezi kuyasoma kwa sauti. Mwalimu hujawahi kuniita. Naogopa sasa hata watu wengine wakiniita hivyo.

Mzee alikuonea haya, akasema ukitaka unaweza kuingia kama mtu wa mkono, kubeba mawe na kukoroga simiti. Nilijua utakataa na kuondoka. Wewe ukavua koti. Kwa siku nne, kaka, ulibebea mawe watu uliowafundisha wewe mwenyewe kuyapanga. Nilikuona ukimpandishia Achieng ndoo ya simiti, ukaiweka chini, ukatazama kozi ya mawe aliyokuwa anaweka, mkono wako ukainuka kuelekea uzi wa kunyooshea, kisha ukaurudisha. Achieng aliona pia. Alishuka ngazi akaja kwangu na mwiko mkononi.

"Odijo, mimi siwezi hii kitu. Buda Wandera alinifunza kazi, leo yeye ndio ananibebea simiti? Nikimwambia aache nibebe mwenyewe ananiambia niangalie kona yangu."

Nikamwambia hiyo ndiyo sheria ya mwenye ploti. Nilijificha nyuma ya mzee wa watu. Ijumaa ulifunga mzigo. Nilikuuliza kama nikusindikize hadi stendi ukasema barabara unaijua.

Wiki kadhaa zilipita. Jumamosi moja mchana, watu wakiwa wameondoka, nilikuwa nikipanga viti ukumbini. Achieng alikuwa amebaki. Akaketi juu ya kiti nilichokuwa karibu kukibeba.

"Nikuulize kitu. Wandera alikosa mtihani juu ya nini?"

"Alichelewa kuandikisha."

"Alichelewa aje na mnalala nyumba moja?"

Nikaendelea na viti. Akaniacha nipange kama vitatu.

"Mimi sisomi, unajua hiyo?" akasema. "Jina langu naandika, namba najua. Lakini hizo notisi zako zote msichana wangu ndio alikuwa ananisomea nikipika. Siku ya fomu nilikupea yangu nikaona hakuna mahali umeniuliza. Nikaenda huko ofisini peke yangu, nikaomba msaada. Yule mama akaniwekea alama kwa sehemu ya tatu. Siku ya mtihani jamaa alinisomea, nikajibu na mdomo. Ati mchanga ndoo ngapi, simiti ngapi, ile nailoni nyeusi chini ya ukuta ni ya nini. Nusu saa nikamaliza. Hakuna mtu alicheka. Sasa nilikuwa nadhani wewe hujui hiyo maneno, ndio hukutuambia."

Hapo ningeweza kusema sikujua. Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

Achieng hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alichukua mkoba wake akasimama. "Wandera hasomi, si ndio? Nilishuku siku moja nikimuona na gazeti. Sasa wewe ulikuwa unamfichia nani?" Nikaanza kueleza, akaninyamazisha kwa mkono. "Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Nimekaa na swali lake mwezi mzima, na jibu si zuri. Nilikuwa nimejiambia kwamba nalinda heshima yako. Orodha ya wanafunzi ingebandikwa mlangoni pa kanisa, watu wangejua mwalimu wao wa vitendo hasomi, wangekudharau. Hayo ndiyo niliyomweleza Auma. Akanitupia kitambaa cha vyombo usoni, akasema, "Wandera alikuuliza mwenyewe, 'Na mimi je?' Mtu anayeogopa aibu haulizi hivyo." Kweli ni kwamba aibu ilikuwa yangu. Mimi ni mwalimu wa watu wazima. Nasifiwa huku Sarang'ombe kwamba nimemfundisha soja, nimemfundisha mama wa omena, na ndugu ninayelala naye chumba kimoja, pazia tu katikati, sijamfundisha hata herufi moja. Ningeweka alama ile, swali la kwanza la kila mtu lingekuwa, na wewe odijo ulikuwa wapi?

Hiyo ni nusu. Nusu nyingine nimeiandika na kuifuta mara mbili.

Siku moja tukiwa tunapakua simiti uliweka kidole juu ya mfuko ukaniuliza, "Hili neno linaandikwaje?" Nilikuambia linasema nini. Sikukuambia linaandikwaje. Nilijua tofauti, kaka, hiyo ndiyo kazi yangu. Ulitaka kujua herufi na mimi nikakupa neno zima, ukalipokea, hukuuliza tena. Nilifanya hivyo kwa sababu nililipenda lile benchi la nyuma. Wewe ndiye uliyenileta Nairobi, ukanipa kazi, ukanifundisha mawe, ukaninunulia blanketi la kwanza. Kila kitu changu kilitoka kwako. Pale kwenye benchi tu, dakika kumi kila kazi mpya, wewe ndiye uliyenihitaji mimi. Sikutaka ziishe. Na mtu mwingine akikusomea maswali, mtu asiyekujua, na ukapita, basi ungejua kwamba kusomewa ni kitu ambacho yeyote anaweza kukufanyia.

Nimeandika. Sasa unajua ndugu yako ni mtu wa namna gani.

Sikutaka kukutaja mbele ya watu bila ruhusa yako, lakini Jumamosi iliyofuata nilisimama nikawaambia darasa kwamba kuna sehemu ya tatu, kwamba niliijua, na kwamba niliwaficha. Nilitarajia kelele. Badala yake fundi wa plasta, mzee yule mwenye kofia ya sufi, ambaye amekosa kuandikisha awamu mbili na kila mara hutuambia alikuwa mgonjwa, alisimama, akachukua daftari lake na kutoka. Nilimfuata hadi nje. Akaendelea kutembea. Bado hajarudi, na nikipita kwake mke wake anasema amelala. Achieng alikuwa amejitafutia njia, na sikuwa nimefikiria kwamba kulikuwa na wengine. Nilidhani uongo wangu ulikuwa na mtu mmoja tu ndani yake.

Mwenye ploti aliniita tena, jengo la pili linaanza na alitaka nisimame getini. Nilimwambia kila mtu alete karatasi yake mwenyewe, mimi sisimami hapo tena. Aliniuliza yule fundi wa msingi alienda wapi. Nikamwambia alienda nyumbani kwa sababu yangu. Akasema, "Akipata cheti aje. Kona zangu za huku juu sizipendi." Nakupa maneno yake yalivyo, sijayaongezea utamu. Jambo hili liko mikononi mwake na mwako.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Ni moja ya zile nne. Sijaandika kitu juu yake, hata jina lako. Mwisho wa kuirudisha ni mwisho wa mwezi ujao. Nimeuliza ofisini kila kitu nilichopaswa kuuliza siku ile. Si lazima uje Nairobi, mtihani huo unafanyika hata Busia mjini, na fomu unaweza kuirudisha huko huko. Anayesoma maswali ni msimamizi wao. Ndugu haruhusiwi kuingia, mwalimu pia haruhusiwi. Kuijaza, shemeji anaweza, au Nabwire, kalamu yoyote nyeusi. Kaka, katika jambo hili lote hakuna mahali unaponihitaji. Nimetafuta, hakuna. Ukiifanya, ifanye bila mimi. Ukiona ni afadhali ubaki na ng'ombe wako, sitauliza mara ya pili. Na ukitaka kujua herufi, hapo kwenu pia kuna darasa la watu wazima, nimeambiwa liko shule ya msingi karibu na soko, alasiri. Mwalimu wake simjui, na sijamwambia kitu kukuhusu.

Kitanda chako kiko kama ulivyokiacha. Auma alitaka kuweka vyombo juu yake nikakataa, tukagombana. Simaanishi urudi. Naeleza tu kilivyo.

Msalimie Mama kwa ajili yangu, mwambie dawa ya kuchua nimempa dada wa kwaya, iko kwenye chupa ya kijani, asiinywe. Msalimie Nabwire, mwanangu, mwambie mama yake mdogo Auma anamtumia kitabu cha sayansi. Salamu kwa baba mdogo Okumu, yule wa mashine ya kusaga, na mkewe. Salamu kwa mjomba Barasa, akikuuliza kwa nini siji mwambie ukweli. Salamu kwa jirani yenu mwenye mbwa mbaya, na kwa mwalimu mstaafu anayekaa kwa kona, ambaye alinichapa sana na bado namheshimu.

Shemeji, hapa ndipo jina la mwisho lilipo, kwa hivyo sheria inamruhusu kuinuka. Usimzuie. Lakini akisema kitu, leo au baada ya wiki, kichukulie kalamu ukiandike kama alivyokisema, unitumie. Hata kama ni tusi. Hata kama ni neno moja. Najua moyo wako, utataka kulilainisha kabla halijanifikia. Usililainishe. Mimi nimempunguzia kaka maneno miaka hii yote, na yeye hakuniomba hata siku moja.

Ndimi mdogo wake,
Egesa